Wavu Hauhesabiwi kwa Vipande

Kosa langu la kwanza lilichukua sekunde kumi. Nilikuwa nimeshika kichupa chenye DNA iliyotolewa kwenye damu, safi kabisa, inavutika kwenye ncha ya pipeti kama mlenda. Nikafanya kile ambacho mkono wangu umekizoea kwa miaka sita ya kazi ya maabara: nikakibonyeza juu ya vorteksi, kile kidude kinachotikisa vichupa mpaka kila kilichomo kichanganyike. Kikatetema vizuri. Mwalimu wetu, dada aliyekuja kutoka Dar es Salaam kutupa mafunzo ya wiki mbili, aliniona na hakusema neno. Aliniacha niendelee siku nzima mpaka sampuli ikaingia kwenye mashine.

Kesho yake asubuhi akaniita kwenye skrini. Michoro ya wenzangu, inayoonyesha urefu wa vipande vya DNA, ilikuwa na mlima wenye mkia mrefu kuelekea kulia. Wangu ulikuwa kichuguu kimoja kilichobanana kushoto. Vipande vyangu vingi vilikuwa vya herufi elfu mbili, elfu tatu za DNA. Wao, waliochanganya kwa kugeuza kichupa polepole kwa vidole, walikuwa na vya elfu ishirini, thelathini, na vichache vilivyozidi laki moja.

"Hii DNA umeitoa kwenye damu," akaniuliza, "au uliipitisha kwanza kwenye mashine ya kusaga?"

Tulicheka wote, mimi kwa aibu. Kwenye PCR, njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA mara nyingi, ambayo ndiyo niliyokulia nayo kazini, mtikisiko ule hauna neno. PCR inatafuta kipande cha herufi mia mbili, mia tano; hata ukiikatakata DNA bado utakipata unachokitaka. Lakini mashine mpya iliyokuwa mezani, ndogo kuliko simu yangu, kazi yake ni kusoma uzi wa DNA kutoka ncha hadi ncha kama ulivyo. Ukiipa vipande vifupi itakusomea vifupi. Haina dawa ya kuunga nilichokwisha kukikata.

Naanza na hili kwa sababu watu wakisikia ninafanya kazi na teknolojia hii, swali la kwanza ni bei ya mashine. Nikitazama nyuma, karibu yote yaliyonigharimu yalitokea kabla mashine haijawashwa, au baada ya kuzimwa.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kayenze, hapa Mwanza. Siku hizi haingii sana ziwani, magoti yamechoka, kwa hiyo hukaa ufukweni akishona nyavu za vijana wake. Jumapili moja nilimkuta ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, wavu umemlalia mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umepewa mashine ya kusoma damu."

Sikujua nianzie wapi. Miguuni kwake palikuwa na kipande cha wavu kilichokatwa, kama ukubwa wa kiganja, chenye macho machache tu. Nikakiokota nikamwuliza: kwa kutazama hiki, unaweza kuniambia wavu mzima ulikuwa na macho mangapi?

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona ada ya shule ilipotea bure. "Jicho hili na jicho lile yote sawa. Nitajuaje? Wavu hauhesabiwi kwa vipande. Utandaze wote ndiyo uhesabu."

Nikamwambia basi, hiyo ndiyo kazi yangu.

DNA yote ya binadamu, yaani jenomu yake, ni herufi kama bilioni 3, za aina nne tu: A, C, G na T. Mashine zilizotawala kwa miaka mingi, ambazo hadi leo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi duniani, huikata DNA kwanza, kisha zinasoma vipande vya herufi kama 150, mamilioni kwa mamilioni, halafu kompyuta inavipanga kwa kulinganisha vinavyofanana. Ni sahihi sana na bei yake imeshuka. Shida inaanza panapokuwa na maneno yanayojirudia, na karibu nusu ya jenomu yetu ni marudio ya namna moja au nyingine. Ukipewa kipande cha herufi 150 ambacho chote ni CGG CGG CGG, huwezi kujua kimetoka mwanzoni mwa marudio au mwishoni, wala marudio yenyewe yalikuwa mangapi.

Ndiyo maana ule Mradi wa Jenomu ya Binadamu, ulioanza 1990 na kutangazwa kukamilika 2003, ulikuwa umekamilika kwa maneno. Kama asilimia 8 ya jenomu ilibaki mapengo, hasa kwenye marudio hayo. Yalizibwa 2022, kundi la watafiti linalojiita T2T, kwa maana ya kusoma kromosomu ncha hadi ncha, lilipochapisha jenomu isiyo na pengo. Kilichowawezesha ni usomaji mrefu. Kromosomu Y, yenye marudio ya kuchosha kuliko zote, ilifuata 2023.

Njia za kusoma hivyo zilizoenea ni mbili. Ya kampuni ya PacBio ya Marekani huufanya uzi wa DNA uwe duara na kuusoma tena na tena, kosa la mzunguko mmoja likasahihishwa na mwingine. Vipande vyake huwa vya herufi elfu 15 hadi 20 na usahihi unafika asilimia 99.9. Mashine zake ni kubwa na sijawahi kuigusa hata moja, kwa hiyo niziache. Yetu ni MinION, ya Oxford Nanopore ya Uingereza, iliyoanza kugawiwa kwa watafiti 2014. Ina uzito wa kama gramu 100 na unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ndani unaweka kibao cha kusomea, chenye utando uliotobolewa vitundu vya protini, na umeme mdogo sana unapita katika kila kitundu. Uzi wa DNA unapovutwa kupita humo, huku kimeng'enya kikiushikilia usichomoke kwa kasi, herufi zinaziba njia ya umeme kila moja kwa namna yake. Kompyuta inafuatilia kuyumba kwa umeme huo na kuandika: A, T, T, G. Kama herufi 400 kwa sekunde kwa kila tundu.

Mara ya kwanza kuona mistari ile ikirukaruka kwenye skrini nilimkumbuka fundi redio mmoja wa Makoroboi nilipokuwa mdogo. Alikuwa akiiweka redio mbovu sikioni, anasikiliza inavyokoroma, anakwambia kilichoungua.

Udogo wa mashine ndio ulioipa sifa. Mwaka 2015, wakati Ebola inaimaliza Guinea, Joshua Quick na Nick Loman wa Uingereza pamoja na wenzao walipakia maabara nzima kwenye mizigo ya kawaida ya ndege. Walisoma virusi kutoka sampuli 142, na jibu liliweza kupatikana chini ya saa 24 tangu sampuli ifike. Makala yao nimeisoma mara nyingi, na sehemu niliyoipenda zaidi ni pale wanapokiri kwamba umeme na intaneti viliwasumbua. Nikajua hawa wamefika Afrika kweli.

Maana sisi nasi tulisumbuka. Vibao vya kusomea vinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na hata humo matundu yake yanakufa taratibu. Mzigo wetu wa kwanza ulikwama njiani kwa karatasi iliyokosa mhuri. Ulipotufikia, barafu ilikuwa imeshageuka maji ya uvuguvugu, na kipimo cha ukaguzi kikaonyesha zaidi ya nusu ya matundu yamekufa. Kibao kimoja ni dola mia kadhaa. Mkuu wa maabara aliviangalia vile vibao kama mtu anayeangalia samaki waliolala bila barafu.

Sampuli zilizonibadilisha zilikuwa za bakteria, kutoka wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja. Watoto watatu walikuwa na Klebsiella kwenye damu. Wa nne alikuwa na E. koli. Wote wanne, antibiotiki ya seftriaksoni haikufua dafu.

Tulijua tayari kwa vipimo vya kawaida kwamba bakteria wale wana jeni iitwayo CTX-M-15, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kuharibu dawa za kundi hilo. Jeni hiyo si ngeni Mwanza. Watafiti wa hapa wameiandika kwa miaka mingi. Swali lilikuwa: iko wapi? Imekaa kwenye kromosomu ya bakteria, ambako inarithiwa na watoto wake tu, au iko kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA cha pembeni ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine kabisa? Usomaji mfupi ulikwama hapo hapo. Jirani wa jeni hiyo huwa ni kipande kirukacho kiitwacho ISEcp1, chenye herufi kama 1,600, na plasmidi za namna hii zimejaa vipande virukavyo vya aina hiyo, vikijirudia hapa na pale. Herufi 150 haziwezi kuvuka. Kompyuta inakupa vipande mia na kitu, vyote vinaishia ukutani.

Kwa usomaji mrefu plasmidi ilitoka duara zima. Na ile ya Klebsiella wa watoto watatu na ile ya E. koli wa mtoto wa nne zilikuwa moja. Sisi tulikuwa tumemwandika yule wa nne kama tukio la pekee, kwa sababu jina la bakteria lilikuwa tofauti. Tulikuwa tunamfuata mwizi kwa sura, kumbe kinachosafiri ni mzigo, na unabadilisha wabebaji.

Nilipeleka ripoti mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nimechapa na picha ya rangi ya duara. Muuguzi mkuu wa zamu, mama wa makamo, aliisoma akiwa amesimama. Akanirudishia.

"Mwanangu, wawili kati ya hawa tumeshawazika. Hii karatasi nifanye nayo nini?"

Wiki tano zilikuwa zimepita. Kusoma kwenyewe kulichukua siku mbili. Zilizobaki zilikuwa za kungoja kibao, za umeme kukatika katikati ya usomaji na betri ya akiba kushindwa kushika, na siku tisa za kompyuta yetu ya mapajani, isiyo na kadi ya picha yenye nguvu, kutafsiri mawimbi kuwa herufi huku feni ikivuma kama inataka kuruka. Mwaka huo huo wa 2022 ambao jenomu ilikamilika, Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha habari za wagonjwa 12 mahututi waliosomewa jenomu nzima kwa teknolojia hii hii. Aliyepata jibu haraka kuliko wote alilipata kwa saa 7 na dakika 18 tangu damu yake ifike maabara. Walitumia vibao 48 kwa mkupuo. Sisi tulikuwa na kimoja, cha pili kimekufa nusu.

Sikumjibu yule mama. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi, na baada ya muda akatoka akakaa pembeni yangu. Akauliza swali ambalo nilitakiwa kuwa nimeanza nalo: kama mzigo unahama, unahamia wapi wakati hakuna mtoto mgonjwa?

Tukapita naye. Tukachukua sampuli kwenye mabeseni, mirija ya oksijeni, masinki, kila palipo na unyevu. Safari hii tuliazima kompyuta ya idara nyingine, iliyonunuliwa kwa kazi za ramani, na sampuli ya kwanza tulikuwa na majibu yake siku ya nne. Sinki lililokuwa karibu na meza ya kuchanganyia maziwa lilikuwa na plasmidi ile ile, ndani ya bakteria wa aina ya tatu ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta. Sinki likang'olewa. Sitasema kwamba wodi ilipona, kwa sababu wodi za watoto wachanga haziponi kwa sinki moja. Lakini siku hizi yule mama ananipigia yeye kabla sijampigia.

Watu huniuliza kama tunaitumia pia kwa selimundu, maana kanda yetu ndiyo nyumbani kwake. Karibu mtoto mmoja kati ya watano huku huzaliwa akiwa na jeni moja ya selimundu. Jibu langu ni hapana, na huwa naliona linawakatisha tamaa. Selimundu inatokana na herufi moja tu iliyobadilika, mahali panapojulikana. Kuna vipimo vya tone la damu vinavyoiona kwa bei ya chai na chapati mbili tatu. Kutumia mashine ya kusoma nyuzi ndefu hapo ni kuchukua kivuko kwenda kuchota ndoo ya maji. Labda kwa ndugu yake, thalasemia ya alfa, tatizo jingine la damu la kurithi, ambayo nayo ipo sana kwetu na hubadilisha ukali wa selimundu kwa mtoto aliyenazo zote mbili. Hiyo mara nyingi ni upungufu wa kipande cha herufi kama 3,700 kati ya jeni mbili jirani zinazofanana kama kulwa na doto. Vipande vifupi huchanganya ipi ni ipi. Uzi mrefu unazipita zote mbili kwa safari moja.

Familia iliyonifundisha zaidi inatoka upande wa pili wa maji, Sengerema. Mama na wanawe wawili wa kiume, mmoja miaka tisa, mwingine sita. Wote walichelewa kutembea, wote hawazungumzi vizuri. Mama mkwe alishasema hadharani kwamba tumbo la yule mwanamke ndilo lenye kasoro, na mganga alishakula mbuzi wawili. Daktari wa watoto alitaka tuangalie Frajaili X, ugonjwa wa kurithi unaochelewesha akili na usemi, na baada ya ridhaa ya mama na kibali cha kamati ya maadili, ikaja kwetu.

Frajaili X ni macho ya wavu hasa. Mwanzoni mwa jeni moja kwenye kromosomu X kuna neno CGG linalojirudia. Wengi wetu tunalo mara 30 hivi. Likizidi mara 200, mwili unaibandika jeni ile alama za methili, kama kufuli, na jeni inanyamaza. Marudio 200 ni herufi 600 na zaidi, kwa hiyo kipande cha 150 kinapotelea humo. Uzi mrefu unavuka marudio yote, na kwa kuwa mashine hii inasoma DNA yenyewe badala ya nakala yake, kufuli la methili nalo linabadilisha umeme na linaonekana hapo hapo. Hesabu na kufuli kwa kipimo kimoja.

Damu ya kwanza niliiharibu. Nasema niliiharibu mimi, ingawa si mimi niliyeipanga kwenye kasha la baridi, kwa sababu hakuna niliyemfundisha. Wakati huo daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Gari lilisubiri kivuko pale Busisi zaidi ya saa mbili juani, na kijana aliyebeba kasha, kwa nia njema kabisa, alizikandamiza chupa za damu katikati ya matofali ya barafu ili zisipate joto. Zikaganda. Seli zikipasuka kwa kuganda, DNA inamwagika nje na kukatwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe damu inapoyeyuka. Damu iliyo salama ndani ya seli zake haiogopi sana mtikisiko wa barabara. Inaogopa siku nyingi, joto, na kuganda kusikopangwa. Mimi niliyekuwa nimejifunza kugeuza kichupa kwa vidole kama yai, sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya barafu.

Nikampigia simu yule mama kumwomba damu tena. Mtoto mkubwa mara ya kwanza alishikwa na watu wawili. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Sawa, dokta," akasema. Mimi si dokta.

Mara ya pili nilikwenda mwenyewe. Chupa nilizifunga kwa gazeti mara tatu, juu yake kitambaa, barafu pembeni. DNA ilitoka ndefu, nikaivuta kwa ncha za pipeti nilizozipunguza kwa mkasi ili tundu liwe pana. Hesabu ya mkubwa ilikuwa 30. Ya mdogo 30. Hakuna kufuli.

Nilitarajia kumpa mama yule jina la ugonjwa. Nikampa karatasi inayosema ugonjwa tuliodhani sio. Nilimweleza kwamba Frajaili X hutoka kwa mama kwenda kwa mwana wa kiume, na kwamba wanawe hawana.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Kwa hili tulilolipima, si wewe."

Akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga pale anapofungia hela. Nilikuwa nimeizoea kuita majibu ya namna ile "hakuna kitu". Siyaiti hivyo tena.

Tulipata na jambo jingine. Mashine hii ina uwezo wa kuchagua wakati inasoma: inaonja herufi za mwanzo za uzi, na kama uzi hauko kwenye orodha uliyoipa inautema na kuvuta mwingine. Tulikuwa tumeipa orodha ya jeni zinazohusika na ubongo. Kwenye moja, nakala moja ya watoto wote wawili ilikosa kipande cha herufi elfu kadhaa. Mama yao hana pengo hilo. Tukalitafuta kwenye hifadhi za kimataifa za tofauti za jenomu. Halimo.

Mgeni angeshangilia. Sisi tulinyamaza. Jenomu ya rejea ambayo dunia imekuwa ikilinganishia, ile ya 2003, asilimia kama 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea huko Buffalo, New York. Mwaka 2020 watafiti wa mpango wa H3Africa waliposoma Waafrika 426 wa makundi 50 ya lugha, walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Mwaka 2023 ilitoka rejea mpya ya jenomu nyingi kwa pamoja, watu 47 wa kwanza, wakiwemo wenye asili ya Afrika, nayo imejengwa kwa usomaji mrefu. Ni mwanzo mzuri. Lakini pengo la watoto wa Sengerema kutokuwemo kwenye hifadhi huenda maana yake ni kwamba ni ugonjwa, na huenda maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kusoma ukoo wa Wasukuma wa upande ule, ambako labda wazima kumi wanalo na wanalima mpunga kama kawaida.

Kipimo cha kujua ni baba. Baba yuko machimboni Geita na simu yake haipatikani tangu mvua za vuli. Aliyebaki ni mama yake baba. Yule yule.

Nilivuka kwenda kwake mwezi uliopita, safari hii juu ya daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu na ushee ambazo gari linazimaliza kabla hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Nilimkuta bibi anaanika mpunga kwenye turubai. "Mwangaluka, bibi." Akaniitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza kwa Kisukuma changu kibovu kwamba kuna kitu tumekiona kwa wajukuu, kwamba mama yao hana, na kwamba kama yeye bibi anacho, akiwa na afya yake hivi na akili yake hivi, basi huenda kitu hicho hakina hatia. Na kama hana, bado sitakuwa na uhakika mpaka mwanawe apatikane.

Alifagia mpunga kwa mguu, mstari baada ya mstari. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mdogo mgongoni, hasemi.

"Na kama ninacho," bibi akauliza, "utawaambia watu kwamba kimetoka kwangu?"

"Nitakuambia wewe peke yako. Wewe ndiye utakayeamua nani mwingine ajue."

Akakaa kwenye kigoda, akapandisha mkono wa gauni. Mishipa yake ilikuwa migumu, nikaupata wa pili. Damu ikajaa taratibu. Nikaigeuza chupa mara nane, kichwa chini, kichwa juu, bila haraka, bibi akinitazama vidole.

"Mbona unaibembeleza?"

Nikamwambia ina uzi mrefu ndani. Akaomba aishike. Akaigeuza mwenyewe mara mbili, polepole kuliko mimi, akanirudishia, nami nikaanza kuifungia gazeti.